Jiko la Makaa au Sakafu ya Nyaya

Burulcha aliapa kwamba jiko la makaa ya mawe halitaingia nyumbani mwake, ila aliapa kimoyomoyo, maana mama mkwe alikuwa ameketi hapo hapo. Kubat, fundi anayejua kila kitu asichoulizwa, alishapima mahali dirisha litakapotobolewa kupitisha bomba la moshi. Sasa walikuwa wameketi kwenye mazulia, wakinywa chai.

Fleti yao pale Naryn, mji wa milimani wenye baridi kali, iko ghorofa ya chini kabisa, na baridi ya sakafu ya zege hupenya mazulia yote. Mtoto, Aizirek, ndiyo kwanza anatambaa. Majira ya baridi yaliyopita ugonjwa wa mapafu ulimlaza hospitali, na daktari hakumung'unya maneno: moshi na sakafu baridi vitamuua. Burulcha alitaka nyaya za umeme zitandazwe ndani ya sakafu, joto litoke huko huko anakotambaa mtoto.

"Na umeme ukikatika, tutatafuna nyaya?" Sabira, mama mkwe, alimuuliza fundi, si Burulcha.

Kubat akacheka. "Shemeji kayasoma kwenye simu hayo, mama. Jiko halina maringo. Kesho nalileta."

"Moshi ukirudi ndani je, kaka?" Burulcha aliuliza.

"Si utafungua dirisha?"

"Mmiminie mgeni chai," Sabira akamkata kauli.

Mume yuko Urusi kibaruani; wa kumtetea hakuwepo. Kwa desturi yao chai humiminwa kidogo kwenye bakuli, mgeni aombe tena na tena. Bakuli likijazwa, ameambiwa aende zake. Mkamwana kumfukuza hivyo mgeni wa mama mkwe ni aibu ya kusemwa mtaa mzima.

Burulcha akashika birika. Chai ilifika nusu, hakuacha. Ilipofika ukingoni, akampa Kubat kwa mikono miwili.

Kubat alilitazama bakuli, akamtazama Sabira. Hakunywa. Alichukua kofia yake akatoka bila kuaga.

Mlango ulipofungwa, Sabira alimsogezea Burulcha bakuli lake tupu. "Haya, na mimi nijazie."

Burulcha alimmiminia funda moja tu. "Wewe huendi popote, mama."

Sabira alilishika bakuli bila kunywa, akimwangalia Aizirek anavyokohoa.

"Mwanangu wa kwanza moshi ulimmaliza, nyumbani kwa mama mkwe wangu," alisema. "Nilikuwa mkamwana mwenye adabu. Nilimimina kidogo kidogo. Mpigie mtu wa nyaya."