Mkoba wa Mama Zaituni

Nakiri haya kwa aibu. Mimi ni askari mlinzi kwenye jengo la ofisi hapa Old Kampala, na wiki iliyopita nilimdhalilisha Mama Zaituni, mpishi wetu, mbele ya watu.

Alikuwa anatoka kazini, yumo kwenye foleni ya ukaguzi mlangoni. Nilipouinua mkoba wake, kitu kikalia ndani. Siku hizo vitu vidogo vilikuwa vinapotea ofisini, nami nikajiona mpelelezi hodari.

"Fungua, mama."

"Afande, ni dawa zangu tu. Niache."

Sikumwacha. Nikaingiza mkono mwenyewe. Chupa ikaniponyoka, kifuniko kikafunguka, vidonge vikatapakaa sakafuni. Foleni nzima ikageuka kutazama.

Mama Zaituni hakuinamisha kichwa. "Ni za ukimwi," akasema. "Nameza kila siku, mwaka wa tisa huu. Virusi havionekani tena kwenye damu, na kitindamimba wangu amezaliwa mzima. Umeridhika?"

Nikapiga magoti kuviokota. "Nisamehe, mama. Hivi vilivyochafuka usimeze. Rudi kliniki, watakupa vingine bila kukugombeza. Na ukitia pamba ndani ya chupa, hailii."

Akauliza kwa upole, "Afande, hayo ya pamba ulifundishwa na nani?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Nami nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Hakuna aliyenifundisha," nikasema. "Mimi pia nameza, mama. Mwaka wa nne, na sijawahi kumwambia mtu."