Matawi kwenye Lango la Mama Désiré

Kwetu hapa Kenya, mtaa wetu wa mjini, si ile nchi, mtu akiona matawi ya mchikichi yamesimikwa kando ya lango, haulizi kitu. Anajua kuna kilio. Mwanamke anafunga kitambaa kiunoni, mwanamume anavua kofia, na kabla hawajajua nani amekufa machozi yameshaanza. Ndivyo tulivyolelewa. Kwenye avenyu yetu tunalia vizuri kuliko tunavyoimba, na jirani yangu Mama Mwansa ndiye anayetuongoza.

Sasa nimzungumzie Ngalula. Jina hilo ni la kwao Kasai. Sisi tunamwita Mama Désiré, kwa jina la mwanawe wa pekee. Ni mjane, anauza sokoni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na zamani alikuwa na utani uliowafanya wateja warudi hata sombe ikiwa na mchanga. Kisha zikaja mvua za kwanza za mwaka huu. Désiré alikuwa machimboni akichimba shaba na wenzake, shimo likaporomoka. Wengine walitolewa, wazima au maiti. Désiré hakutolewa. Mmoja alisema alimwona akiingia asubuhi ile. Mwingine aliapa kwamba alikuwa ameshaondoka jana yake kwenda Likasi. Simu yake haiiti. Shimo likafukiwa, na habari zikaishia hapo.

Tangu siku hiyo Mama Désiré anapika bukari, ugali wetu, kila jioni, anapakua sahani ya kijana, anaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kabati. Asubuhi anaila mwenyewe, baridi, kabla ya kwenda sokoni. Niliwahi kumkuta akiila. Alikuwa anameza tu, hatafuni. Roho iliniuma, nikarudi kwangu bila kuomba chumvi niliyoifuata.

Shemeji yake Ruphin, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anakuja kutoka Kampemba kila Jumapili na neno lile lile.

— Shemeki, tulie huyu mutoto. Hatuwezi kufika ku Noeli hivi. Bantu beko banauliza.

— Uliona maiti yake?

— Hapana.

— Basi miye niko namungojea.

Ruphin si mtu mbaya. Alimbeba Désiré mgongoni tangu utoto. Lakini kungoja kulikuwa kumemchosha. Alitaka alie, amalize, apate usingizi. Nami nilikuwa upande wake.

Majilio yakaingia, zile wiki nne za kungoja Noeli. Jumuiya yetu ya kanisa ina desturi yake: kila wiki ya Majilio pango la Noeli, au crèche, linahamia nyumba nyingine, ndani yake hori tupu, na mshumaa mmoja zaidi unawashwa. Mtoto Yesu hawekwi mpaka Noeli yenyewe. Wiki ya nne ilikuwa ya Mama Désiré, iliyopangwa kabla ya mambo haya. Papa Chishimba, mkubwa wa jumuiya, alikwenda kumwambia kwa upole kwamba pango linaweza kupelekwa kwa mwingine. Nilikuwepo.

— Juu ya nini? akauliza Mama Désiré.

— Mama, tuliona uko na mateso mingi.

— Papa Chishimba, mweye munangojea mwenye munajua siku yake. Noeli iko ku calendrier. Wangu, siku yake haiko. Mulete ile crèche.

Papa Chishimba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema litaletwa.

Jumapili ya nne ikafika, pango likaletwa. Mama Désiré alifagia lupango, ua wake, akaosha viti, na kwa kuwa tulikubaliana kwamba nyumba ya pango ipambwe kwa majani mabichi, akakata matawi makubwa ya mchikichi. Lupango wake ni saruji tupu. Akayasimika nje, pande mbili za lango, ambako mvua ilikuwa imelainisha udongo. Mtu aliyekulia Kenya anafanyaje kosa kama hilo? Ni kweli, harusini pia tunayasimika. Lakini lango lile tulikuwa tumelitazama wiki nyingi tukisubiri kilio, na tulipoyaona matawi hatukufikiria jambo lingine.

Mama Mwansa alipita wa kwanza. Sauti yake ilifika mpaka sokoni. Nikafunga kitambaa, nikatoka. Tuliingia tukimwita Désiré, tukimuuliza anatuachia nani. Mtu akaleta gunia la makala, makaa ya kupikia kilioni, vijana wakabeba viti. Ruphin akashuka kwenye pikipiki uso umelowa, akisema afadhali, afadhali.

Mama Désiré alikuwa mlangoni, kiberiti mkononi, tayari kwa mshumaa wa nne. Alitutazama, uso ukambadilika, na hapo nikaelewa anachodhani: kwamba kijana amepatikana, na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

— Balimutoa? akauliza. Balimutoa wapi?

Kilio kikakatika. Hakuna aliyekuwa na habari yoyote. Papa Chishimba akanyoosha kidole kwenye lango, na Mama Désiré akayaona matawi yake mwenyewe. Akakaa pale pale kizingitini. Ruphin akapiga magoti mbele yake.

— Shemeki, bantu bote beko hapa. Tulie tu, tumalize.

Nilidhani atakubali. Nilitaka akubali, maana sikuweza tena kumwangalia. Mama Désiré akaweka kiberiti chini.

— Ule mutoto mumuache, akasema. Munililie miye.

Tukamlilia. Tulimlilia mtu mzima, yuko hai, ameketi katikati yetu. Naye akalia kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, sauti nzito ya kutoka tumboni, akimuuliza Mungu kwa lugha ya kwao maswali ambayo sitayaandika. Jioni ilipoingia, Papa Chishimba akaokota kiberiti, akamrudishia. Mishumaa mitatu ikawaka. Wa nne ukazimwa na upepo, akauwasha tena. Tukaimba wimbo wa kumwomba Bwana aje, vitambaa vya kilio vikiwa bado viunoni, sauti zimetukauka. Nimeuimba tangu utoto. Siku ile nilikuwa naomba kweli.

Kwa makala ya kilio tukapika bukari. Mama Désiré alipakulia watu, kisha akapakua sahani ya kijana. Akasimama nayo, akiitazama, kama mtu aliyesahau ni ya nani. Niliogopa ataimwaga.

Ruphin akainuka kwenye kiti chake. Akachukua sahani nyingine, akaifunika.

— Weka pale juu, shemeki, akasema. Asiikute ya baridi.