Kola za Mama Auma

Siku ya kwanza kiwandani, kule Industrial Area, supavaiza alinionyesha cherehani akaenda zake. Aliyenifundisha kazi ni Mama Auma, jirani yangu kwenye laini ya cherehani. Kola hushonwa ikiwa imepinduliwa, ndipo unaigeuza, na pembe zake hazitoki kwa kidole. Alinipa spoki ya baiskeli iliyosuguliwa ncha.

"Sukuma polepole, msichana. Ukitoboa utaniaibisha."

Asikudanganye mtu: nilifuata pesa. Sikutembea kutoka Mbotela kila asubuhi kwa kupenda mashati. Lakini laini yetu ilikuwa na desturi ambayo hakuna mkubwa aliyeiagiza. Aliyemaliza mapema alichota kwenye rundo la jirani. Tuliiita kupunguziana.

Kisha akaja meneja mpya, akaanza kutulipa kwa kila kola. Nilifurahi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na nilikuwa naweka akiba ninunue cherehani yangu mwenyewe. Haukuisha mwezi, kupunguziana kukafa. Hata chooni tulienda mbio. Macho ya Mama Auma yalikuwa yameanza kufifia, rundo lake likapanda hadi kidevuni, nami nipo ubavuni pake nashona zangu. Sijivunii hilo.

Jumatano supavaiza akamwambia mbele yetu kwamba rundo lisipoisha Ijumaa, asirudi tena. Mama Auma alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akakosa. Akaulamba, akakosa tena.

Nikainuka, nikabeba nusu ya rundo.

"Hizo zimeandikwa jina lake," supavaiza akasema. "Hulipwi hata senti."

"Jina lake najua kulisoma."

Na kweli, siku hizo nilijua kusoma majina tu. Mama wa nyuma yangu akaja kuchukua sehemu yake, halafu mwingine. Ijumaa rundo la Mama Auma lilikuwa limekwisha. Cherehani yangu ilichelewa, na nililalamika, msidhani sikulalamika.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wakiniuliza kama pesa ndiyo humfanya mtu achape kazi, nawaambia inamtoa kitandani. Hiyo si kidogo. Lakini Jumapili binti yake Mama Auma humshika mkono kutoka Mukuru kwa Njenga hadi kwangu, maana haoni tena. Kabla hata ya chai, Mama Auma anapapasa kola ya gauni nililojishonea.

"Pembe ya kulia ni butu," anasema.

Ni butu kweli. Jumatatu naifumua.