Dada Mpima Ukimya

Kazini dada yangu wanamwita Sikio. Mimi ni kinyozi, mdogo wake wa kumfuata, na mdomo wangu haujui likizo, lakini nakiri kwamba dada alilipata jina hilo kwa haki. Maabara ya usemi, inayorekodi jinsi watu wanavyoongea, ilimwajiri aandike majina ya wageni mlangoni. Wiki ya pili akamwambia mtafiti kwamba rekodi zote za asubuhi zina mvumo wa friji ya chumba cha tatu. Wakambishia. Friji ikachomolewa, mvumo ukaisha, na kesho yake dada akapewa kiti mbele ya kompyuta.

Mwaka wa kumi na mbili huu, kazi yake ni kupima ukimya. Mtu huketi katika chumba kidogo chenye sponji ukutani, huonyeshwa picha na kuulizwa hiki ni nini. Dada, hedifoni masikioni, huweka alama pale swali linapokoma na pale jibu linapoanza. Hapo katikati ndipo penye ugali wake. Wengi wetu hujibu kwa kufumba na kufumbua. Wengine, hasa waliopata kiharusi, huchukua sekunde nyingi, na maabara ina amri moja: hakuna kumsaidia mtu neno. Mtafiti akithubutu, dada huifuta rekodi yote, hata awe na shahada ngapi.

Baba alipopata kiharusi, mimi nilimsaidia sana. Nikimuuliza, "Chai, baba?" najijibu mwenyewe, "Haya, chai." Kaka mkubwa naye akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba mzee haelewi tena. Akakata shauri kumhamishia kwake, mji mwingine, mbali na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Jumamosi akaja na gari. Sanduku la baba lilikuwa tayari sebuleni dada alipoingia.

"Mwenyewe ameulizwa?"

"Mara nyingi tu," kaka akasema. "Hajibu."

"Mlikuwa mnamngoja muda gani?"

 

Dada akazima redio, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya baba. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Asitie mtu neno," akasema. "Na wewe kinyozi, nakujua."

Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, unataka kwenda kukaa kwa kaka, au kubaki hapa?"

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nne. Tano. Kaka akakohoa, dada akamkata jicho. Saba. Midomo ya baba ikacheza. Neno la kumsaidia lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wangu, nikalimeza kwa shida. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Hapa," baba akasema.

Furaha ikanijaa, nikafungua mdomo. Dada akainua kiganja bila hata kugeuka.

"Hajamaliza."

Tukangoja tena, na safari hii sikuhesabu. Baba alitutazama mmoja mmoja, mimi akanitazama zaidi.

"Siku zote," akasema, akapumzika. "Siku zote... nilikuwa najibu."

Kaka aliketi juu ya sanduku, akafunika uso. Mimi nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumwomba radhi papo hapo, lakini nikamtazama dada kwanza, nijue kama baba amemaliza.