Mwaka Baba Aliponibatiza

Mama alifariki masika yakielekea kwisha, mchana, nyumbani kwetu Makorora, mjini Tanga. Alikuwa ameugua muda mrefu, miguu na tumbo vikimvimba. Baba alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alimfumba macho, akamnyoosha mikono, kisha akatoka uani kunawa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimtazama akijisugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyetoka kazini, nikawaza kwamba sasa itanibidi nilie. Sikulia.

Ndugu wa mama waliteremka kutoka milimani, na nyumba ikajaa. Wanawake walinitazama. Shangazi mmoja alimwambia mwenzake, wala hakujali kwamba nasikia, "Huyu mtoto hata chozi moja?"

Aliyemjibu alikuwa jirani yetu, bibi wa Kidigo ambaye ua wake ulitenganishwa na wetu kwa makuti tu. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini matanga yote alikaa nasi, akitupikia uji kwenye sufuria yake kubwa.

"Mwacheni," alisema. "Amekufa ganzi. Wewe ukiulalia mkono wako usiku, ukiamka unausikia?"

Sikumshukuru. Niliendelea kupanga vikombe.

Baba alikuwa Msambaa aliyekuja pwani akiwa kijana, kibarua wa mkonge. Alizaliwa Mlutheri, na mimi mwenyewe nilinyunyiziwa maji ya Kilutheri nikiwa mchanga. Katika miaka ya hamsini, Wabaptisti walipoanza kazi Tanga, akawafuata, akazamishwa upya, akasomeshwa kidogo, akawekwa kuwa mchungaji wa kanisa letu la udongo. Kaka yake mkubwa alikasirika sana. "Kwani maji ya kwanza yalikuwa na kasoro gani?" alimwuliza. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Siku hizo alikuwa akicheka.

Hakuwa mhubiri hodari. Mahubiri yake yalikuwa mafupi na makavu, na watu walisinzia. Walichompendea kilikuwa huko nje ya mji, kwenye kambi za mkonge, alikokwenda kwa baiskeli karibu kila siku. Manamba, vibarua wa mkataba, walikuwa wametoka mbali, wengine Nyasa, wengine Urundi, wengine kusini kwa Wamakonde. Mtu akiugua, baba alimfunga kwa khanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kumsukuma taratibu mpaka hospitali. Mjane akitolewa chumbani kwa sababu mumewe hayupo tena kwenye kazi, baba alikwenda kusimama mbele ya mlango wa nyapara na kuzungumza kwa upole mpaka nyapara anachoka. Jumapili alasiri aliwafundisha watu wazima kusoma, kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Na mtu akifa asiye na ndugu, baba alimwosha, akamchimbia kaburi, akamzika, awe Mkatoliki, awe Mlutheri, awe hana dini anayoijua mtu. Wafu Waislamu walikuwa na wenzao wa kuwashughulikia. Kwao baba alikwenda kushika jembe tu.

Kazi ya wanawake ilikuwa ya mama. Baba hakuweza kuingia chumba cha mwanamke mgonjwa, wala kumwosha mwanamke aliyefariki.

Matanga yalipoanuliwa, asubuhi iliyofuata nikamwona anatoa baiskeli.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kambini. Kuna mtu ana homa."

"Leo?"

"Alianza juzi," alisema, akapanda.

Nilidhani hakumpenda mama. Ndivyo nilivyodhani, na hata wazo hilo halikuniuma. Nilifagia uani, nikateka maji, nikakuna nazi.

Haukupita muda mrefu akaniita niende naye. Mwanamke mmoja Mrundi alikuwa amekufa kwa uzazi, yeye na mtoto. Mumewe alikuwa amekaa chini nje ya chumba, kofia yake ameishika kwa mikono miwili. Baba aliinama, wakaongea, kisha akanijia.

"Mwanangu, utaweza?"

"Nitaweza."

Ndani alikuwemo mama mmoja wa Kimakonde, mtu mzima, mwenye chale usoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kitambaa. Alinielekeza nianzie wapi na nigeuze vipi. Yule marehemu alikuwa na visigino vilivyopasuka, na mikono yake kuanzia viganjani mpaka kwenye kiwiko ilijaa makovu madogo ya miiba ya mkonge. Nilimwosha kama ninavyoosha vyombo. Nakumbuka nilisema, "Maji haya ni ya baridi." Yule mama wa Kimakonde aliacha kazi akanitazama, kisha akaendelea.

Nilipotoka baba aliuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Jioni tulirudi, mimi nimekaa kiti cha nyuma. Njiani alinunua mihogo ya kukaanga, tukala tumesimama kando ya barabara. Mihogo ilikuwa ya moto na nilikuwa na njaa.

Tangu siku hiyo nafasi ya mama ikawa yangu. Nilikwenda kambini mara nyingi, kwa waliojifungua, kwa wagonjwa, kwa wafu. Wanawake wakaanza kunizoea, wakaniita dada mchungaji, ingawa mchungaji hakuwa mimi. Mwanamke akilia mbele yangu, nilimshika bega, kwa sababu nilikuwa nimemwona mama akishika bega.

Jambo la ubatizo lilianzishwa na mzee wa kanisa, fundi seremala aliyependa utani. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wako nje wanasalimiana, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mchungaji, binti yako anatuoshea maiti wetu, lakini mwenyewe bado hajaoshwa!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Wakati wa chakula cha jioni akasema, "Umesikia alichosema mzee."

"Nimesikia."

"Si lazima."

"Nitabatizwa."

Alimega tonge, hakulichovya. "Unaamini?"

"Nitabatizwa, baba."

Akaniomba nimwongezee mchuzi.

Kila aliyetaka kubatizwa alipaswa kwanza kusimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda. Kijana mmoja wa kambini alieleza jinsi alivyoacha pombe, akalia, na watu wakalia naye. Mama mmoja alieleza ndoto aliyoota. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema, "Mimi nimekuja kubatizwa," nikakaa. Watu wakangoja. Walidhani nimejikwaa, kwamba nitaendelea. Fundi seremala aliinua shingo. Ndipo baba akasema, "Amina," na kwa kuwa mchungaji amesema amina, wote wakasema.

Tulibatizwa kwenye mto, mahali wanawake wa kambini walipofulia. Mamba walikuwepo, au walisemekana kuwepo, kwa hiyo wanaume walitangulia na fimbo wakayapiga maji, wakipiga kelele, watoto wakifurahi. Nilivaa gauni la kitambaa cha marekani nililolishona mwenyewe, na nilikuwa nimelishona vibaya, linabana kwapani. Baba alisimama katikati ya mto, maji yakimfika kiunoni, na kutuita mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Matope yalikuwa laini chini ya miguu. Nilipomfikia alinishika nyuma ya shingo kwa mkono mmoja, na kwa wa pili akanishika viganja vyangu viwili pamoja kifuani. Ukingoni walikuwa wanaimba. Ilimpasa aniulize maswali kwa sauti, wote wasikie. Kabla hajaanza, aliinamisha kichwa na kuniuliza kwa Kishambaa, polepole, "Kuna chochote unachosikia moyoni?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu mama."

Uso wake haukubadilika. Nilimtazama kwa karibu kuliko nilivyowahi kumtazama, nikaona ndevu nyeupe alizokosa kuzinyoa chini ya kidevu.

"Na mimi," alisema.

Kisha akainua uso, akaniuliza maswali ya kanisa kwa sauti kubwa, nikajibu ndiyo, ndiyo, akatamka maneno ya ubatizo, akanizamisha. Chini kulikuwa na rangi ya kahawia tu, na wimbo ukakatika. Akaniinua. Wanawake walipiga vigelegele, yule mama wa Kimakonde akanifunika khanga mabegani na kunisugua mgongo nisishikwe na baridi.

Wengine waliniambia baadaye kwamba walipotoka majini walijisikia wepesi. Mimi nilisikia gauni limeniganda. Lakini njiani kurudi, nyuma ya baiskeli, niliutazama mgongo wa baba, shati bado bichi, nikafikiri juu ya wagonjwa wote aliowasukuma tangu masika, makaburi, wajane, ubao wa sanduku na mkaa. Yote hayo aliyafanya hasikii kitu. Aliamka tu akaenda. Mimi nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu asiyempenda mke wake.

Siwezi kusema nilifarijika. Kilichobadilika kilikuwa kidogo. Nyumbani tuliacha kuigiza. Baba aliacha kuniuliza kama nimelala vizuri, na mimi niliacha kumwambia kwamba nimelala. Tulikula kimya, na kimya hicho hatukukionea aibu. Bibi wa Kidigo alipokuja alikaa nasi kimya pia, kisha akachoka akaanza kutusimulia ugomvi wa wajukuu zake.

Kazi iliendelea. Yule Mrundi aliyefiwa alijifunza kusoma, akahamia shamba jingine. Ndugu za baba walisikia kwamba na mimi nimezamishwa, wakakaa muda bila kutuletea mboga kutoka milimani, halafu wakaleta. Baba alianza kutumwa mpaka Mwera, huko Pangani, kulikokuwa na waumini wachache waliotaka mchungaji, akalala huko siku kadhaa kila mwezi. Nilibaki na kambi.

Baada ya masika mengine, asubuhi moja nilikuwa nampelekea chai. Alikuwa uani, amechuchumaa, anatia upepo gurudumu la baiskeli. Alikuwa anaimba. Haukuwa wimbo wa kanisa, ulikuwa wa kwao milimani, wa kupalilia, na alikuwa anausukuma pamoja na pampu, neno kwa neno. Nikajua sasa anasikia tena moyoni.

Aliniona nimesimama mlangoni na kikombe, akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekutwa anakula peke yake.

"Endelea, baba," nikamwambia.

Nikaweka chai juu ya jiwe karibu naye. Akaendelea kuimba, kwa sauti ya chini kidogo, nami nikarudi jikoni kuchochea moto. Mimi nilikuwa bado.