Rabuor Wawili

Juzi, huko Usenge, nilimwona paka wa mabaka meusi na ya rangi ya kutu akinusa omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, nikamkumbuka wetu wa Kisumu. Alizalia chini ya meza ya jikoni, penye harufu ya mafuta ya taa. Watoto wake walikuwa weusi, isipokuwa dume mmoja wa rangi ya kutu.

"Hii rabuor imetoka wapi," jirani yetu Mama Adhis alicheka, "na baba yake ni ile nyeusi ya duka?"

"Ikiacha kunyonya, wewe utabeba hiyo," Mama akamjibu.

Rabuor, yaani mwenye rangi ya hudhurungi, ndilo jina nililoitwa nyumbani, kwa kuwa ndugu zangu wote walikuwa weusi. Kwa akili yangu ya utoto nikaelewa kwamba anayetoka na rangi tofauti hutolewa kwa jirani. Nikavaa viatu, nikaketi mlangoni.

"Unaenda wapi?" Mama akauliza.

"Nangoja Mama Adhis anibebe."

Mama akainamia viatu vyangu. "Kwani wewe nilikuzaa chini ya meza? Toa viatu, ukule."

Chuoni nilijifunza kwamba paka dume huirithi rangi ile kwa mama yake peke yake. Baba hachangii kitu; yule mweusi wa duka angeweza kuwa baba yake kweli. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi kuliko mtihani ulivyohitaji.