Mkanda wa Bega la Kushoto

Mume wangu alinivunja mtulinga kwa mguu wa stuli, jikoni kwetu Rwamishenye, Jumapili baada ya ibada, ndizi zikiwa bado motoni. Sababu yenyewe nikiitaja leo watu hucheka. Alilalamika mbele ya mgeni kwamba chai imechelewa, nami nikamwambia miguu anayo na jikoni anakujua. Mgeni akacheka sana. Alipoondoka, mume wangu aliipiga stuli ukutani ikavunjika, akaokota mguu wake mmoja, akanishukia nao. Tulikuwa tumetazamana na yeye hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo pigo lilitua kushoto. Nilisikia mlio wa mfupa kabla ya maumivu. Nami sikusimama kama gogo. Nilimrukia nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, na sioni haya kusema kwamba ilinipa raha.

Nilikimbilia kwa baba yangu kijijini Izigo. Hospitali walinining'inizia mkono shingoni, wakaniambia nisubiri mfupa uunge. Shuleni ninakofundisha nikaomba ruhusa. Kwa wiki tano nililala katika chumba nilicholala nikiwa msichana, nikijifunza kufunga vifungo vya blauzi kwa mkono mmoja na kumtukana mume wangu kimoyomoyo. Mfupa uliunga, lakini haukuunga vizuri. Ulibaki na kinundu kinachoonekana hata juu ya nguo, na ukikigusa kwa kidole tu machozi yananitoka.

Wiki ya sita alikuja. Alikuja na baba yake mdogo, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu Wahaya mume aliyemkosea mkewe huenda hivyo kwa baba mkwe. Baba mkwe akiikubali pombe na kuinywa, kesi imekwisha, na mke anafunga mizigo siku hiyo hiyo. Baba yangu ni mzee wa kanisa na pombe si kitu chake. Nilijipa moyo kwa hilo. Aliomba dua akiwa amefumba macho, akaishukuru mbingu kwa ajili ya upatanisho, kisha akakinyanyua kibuyu akapiga funda moja. Moja tu, na lilitosha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Tata waitu," nikamwambia baba, "umeumeza mfupa wangu."

"Mwanangu, mwenzio ameomba msamaha. Unataka atoke damu?"

"Ndiyo, nataka."

Wazee wakacheka, wakidhani natania. Mume wangu hakucheka.

Mchana huo huo nikapakiwa garini. Nasema kupakiwa kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Begi langu lilitangulia, mimi nikafuata, nikaketi mbele upande wa kushoto, mahali pangu tangu tuoane. Leseni ya udereva ninayo, niliipata kabla yake, lakini yeye husema mwanamume akiendeshwa na mkewe anachekwa hadi sokoni. Barabara ya Bukoba ina askari wa usalama barabarani, hivyo mkanda ni lazima. Nikauvuta, nikaufunga, na ule ukanda wa begani ukalala juu ya kinundu. Nikapiga ukelele hadi kuku wakatawanyika uani.

Hapo ndipo ukoo mzima ukageuka mafundi. Yule mzee wa malori alisema tatizo ni urefu, mkanda umepangiwa mwanamume. Akabonyeza kile kishikizo cha juu kwenye nguzo ya mlango, akakishusha. Mkanda ukashuka kidogo, ukazidi kukikandamiza kinundu. Akanishauri ninyanyue kiti. Nikanyanyua, ikawa vile vile. Mama yangu akaja mbio na kanga aliyoikunja mara nne, na alipoona haitoshi akaenda shambani, akarudi na majani makavu ya migomba, akayasokota kata kama ile tunayobebea ndoo kichwani. Akaipachika chini ya mkanda ili kinundu kiingie katikati, kwenye tundu, kisiguswe. Alifanya kazi hiyo kwa upole, akinipuliza bega kana kwamba nimeungua. Nilimpenda, na wakati huo huo nilitamani kumsukuma. Mama yangu mzazi alikuwa ananilainishia safari ya kurudi kupigwa.

"Umeona? Sasa utafika," akasema.

Mume wangu akafungua buti, akatoa kitu kikiwa bado ndani ya nailoni. Kilikuwa kifuniko cha mkanda, cha manyoya ya kijivu, laini kama paka.

"Nimekuletea hiki, mke wangu. Ukikivaa hutasikia kitu."

Kwa hiyo alilikumbuka bega langu. Alisimama dukani Bukoba, akakibonyeza kwa vidole, akachagua rangi. Wote pale walimsifu. Shangazi yangu mmoja akasema huyo ndiye mume. Mimi damu ilinichemka, kwa sababu watu wote wale walihangaika mkanda usiniumize, na hakuna hata mmoja aliyehangaika yeye asiniumize. Manyoya nayo yakateleza mara mbili, kata ikaanguka miguuni. Mwishowe mume wangu akachomoa kibanio cha nguo kwenye kamba ya mama, akakibana kwenye mkanda karibu na nguzo, ukabaki umelegea mbele ya kifua changu kama kamba ya mbuzi. Haukunigusa kabisa. Wakapiga makofi. Baba yake mdogo alibaki na baba yangu kukimalizia kibuyu, na sisi wawili tukaondoka.

Aliendesha kwa ustaarabu, akiwapungia majirani mkono mpaka nyumba za mwisho zikaisha. Kisha akasema polepole, bila kunitazama:

"Kwa hiyo unataka nitoke damu. Umeyasema hayo mbele ya wazee wangu."

Nikageuza uso, nikatazama migomba ikipita dirishani.

"Sawa. Tukifika nyumbani tutaongea."

Nilijua maana ya kuongea. Stuli ya pili ilikuwa bado pale jikoni. Niliyahesabu maungo yangu yaliyokuwa bado mazima, nikajiuliza ni lipi litakalofuata. Nilijua pia kwamba kwa baba nimeshauzwa kwa funda moja, na nikirudi kule nitarudishwa tena na kata nyingine begani.

Kabla ya Kemondo, mwanamume mmoja aliyesukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi alijitokeza kwenye kona. Mume wangu akakanyaga breki kwa nguvu. Kibanio kikafyatuka kikagonga kioo. Kwa kuwa mkanda ulikuwa umelegea, nilirushwa mbele, na uliponikamata ulinikamata kwa ghafla, pale pale kwenye kinundu. Nilidhani mfupa umevunjika upya. Nikalia kwa sauti ambayo siijui.

"Nyamaza!" akafoka, akanizaba kofi la mdomo, akashuka huku gari likiunguruma.

Hakuwa anakuja upande wangu. Alimfuata mwenye baiskeli. Alimkwida shati, akampiga ngumi ya kwanza, ya pili, akamwangusha juu ya ndizi zake, akaanza kumkanyaga. Yule mtu hata hakuwa amegongwa. Alikuwa akiomba radhi kwa Kihaya, akijikinga uso kwa viganja, na mume wangu alikuwa anamfanyia yale aliyokuwa ameniwekea mimi. Nilitazama pigo kwa pigo. Kila moja nililijua.

Nikafungua mkanda. Nikajiburuta juu ya vile viti hadi kwenye usukani, nikafunga mlango wake kwa ndani, nikavuta mkanda wa dereva. Ukapita kwenye bega la kulia. Ukalala hapo kimya, na haukuniuma hata chembe. Wanaume kwa wanawake walivyohangaika uani kwetu, na kumbe kilichotakiwa ni mimi kukaa upande wa pili! Nikaanza kucheka peke yangu, mdomo ukinivuja damu.

Aliisikia honi. Nilipiga honi ili amwache yule mtu, na alimwacha. Akaja akasimama mbele ya gari, akaweka viganja viwili juu ya boneti.

"Shuka," akasema. "Shuka kabla sijakuvunja na bega la pili."

Mwenye baiskeli alikuwa ametambaa hadi majanini. Barabara ilikuwa wazi. Nikaweka gia, nikamtazama mume wangu machoni, nikakanyaga mafuta.

Jioni ile nilikuwa kituo cha polisi Bukoba nikitoa maelezo, na tangu siku hiyo sijalala tena Rwamishenye. Baba hajaniita kwa jina hadi leo. Mama hunipigia simu kwa siri, na kila mara hurudia kuniambia kwamba Mungu alinishika mkono pale barabarani, kwamba najua mwenyewe nisingemgonga baba wa watu. Namwacha aamini hivyo. Lakini sikukanyaga breki, Mama. Yeye ndiye aliyeruka.